Kati ya Kibao na Risiti: Haki ya Dereva Aliyepigwa Tochi

Dereva akisimamishwa kwa mwendokasi, ugomvi wote huwa juu ya namba. Yeye anasema alikuwa 55, afande anasema tochi, yaani kifaa cha kupimia mwendo, imesoma 68, na hapo ndipo kelele huanzia na kuishia. Ajabu ni kwamba namba hiyo, mara nyingi, ndiyo sehemu iliyo imara kuliko zote katika mlolongo mzima. Kabla yake kuna mtu aliyeamua kikomo kiwe 50, kuna mtu aliyechimbia kibao, kuna mtu aliyepanga trafiki wakae wapi na saa ngapi. Baada yake kuna risiti, na kuna mfuko ambao faini inaingia. Dhuluma nyingi hukaa kwenye ncha hizo mbili. Katikati, kwenye kifaa chenyewe, zipo chache, na hizo chache zinafahamika vizuri kwa yeyote aliyewahi kufundishwa kukitumia.

Tuanze na lisilo na ubishi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akiruka barabarani, dereva mzima asiyelewa hutumia kama sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kukanyaga breki, na kwa muda huo gari limeshakula mita 21. Breki nzuri kwenye lami kavu zitadai mita 14 nyingine kabla ya gari kusimama. Jumla ni 35. Mwenye kasi ya 60, katika hali ileile, humaliza mita 25 kabla hata hajagusa breki. Akifika pale mwenzake aliposimama kabisa, yeye bado anakwenda kilomita 43 kwa saa. Kwa huyo mtoto, kumi iliyozidi kwenye dashibodi ndiyo tofauti ya kuponea chupuchupu na kugongwa kwa 43. Shirika la Afya Duniani huweka hesabu hiyo kwa ujumla wake: mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Ndiyo maana utetezi wa "nilizidisha kidogo tu" ni mwepesi kuliko anayeusema anavyodhani.

Lakini hesabu hiyo inatetea kikomo kilichowekwa kwa sababu, mahali penye sababu. Haitetei kila kibao kilichosimama kando ya lami.

Kikomo hakiokotwi

Wahandisi wa barabara wana njia ya zamani ya kuanzia. Hupima magari yanayopita wakati hakuna foleni wala trafiki, hupanga kasi zote kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha hutafuta kasi ambayo asilimia 85 ya madereva hawaivuki. Baada ya hapo huangalia shule, vivuko, kona, njia za kuingilia na kumbukumbu za ajali, na kushusha inapobidi. Njia hii ina kasoro yake: katika makazi ya watu, waenda kwa miguu hawamo kwenye hiyo 85, kwa hiyo kuiachia iamue peke yake ni kuwapa wenye magari kura na kuwanyima wengine. Hata hivyo inafaa kama kipimajoto cha kibao. Ikiwa kikomo ni 50 na kasi ya asilimia 85 inatoka 78, kuna jambo la kueleza. Ama barabara imejengwa kwa namna inayomdanganya dereva, ama kibao kimewekwa bila mtu kufika kuangalia.

Barabara hudanganya kweli. Njia pana, iliyonyooka, yenye mabega ya lami na isiyo na kitu pembeni humwambia dereva 80 hata kibao kikisema 50. Mahali kama hapo tiba ni ujenzi: matuta yenye alama, kivuko kilichoinuliwa, njia iliyobanwa, kisiwa katikati. Ukiweka tochi badala yake utapata faini mwaka huu, mwakani, na mwaka wa kumi, kwa sababu kinachosababisha kosa hujakigusa. Kituo cha ukaguzi ambacho idadi ya wakosaji haipungui kimeshindwa kazi yake, hata kama daftari la makusanyo linapendeza.

Halafu kuna suala la umbali kati ya kibao na tochi, nami hapa sina simile. Chukua barabara ambayo kikomo kinashuka kutoka 80 hadi 50. Dereva anayeachia mafuta bila kukanyaga breki, kama walimu wengi wa udereva wanavyofundisha, huhitaji takriban mita 200 kushuka kiasi hicho. Kwenye mteremko huhitaji zaidi. Trafiki aliyejificha mita 50 baada ya kibao hatamkamata yule anayepita kijiji kizima kwa 80. Huyo atakamatwa popote. Atakaowakamata hapo kwa wingi ni wale wanaotii, ila wako katikati ya kutii. Sheria inaweza kusema kikomo kinaanza pale kibao kilipo, na kisheria ni sawa. Lakini kama lengo ni usalama wa kijiji, mtu angesimama kijijini, karibu na shule au soko, ambako mwendo ndio unaoua.

Vibao vyenyewe vina maradhi ya kawaida. Tawi la mti limekifunika kuanzia umbali unaohitajika kukisoma. Lori bovu limeegeshwa mbele yake. Kimegongwa kikageuka. Kimeibwa kikauzwa chuma chakavu. Kingine kipo na kinaonekana, ila dereva aliyeingia kutoka njia ya pembeni hakupita penye kibao chochote, na hakuna cha kurudia baada ya makutano. Kinachosahaulika zaidi ni kibao cha kumaliza kikomo: bila hicho, dereva mgeni hajui kama 50 imekwisha au inaendelea hadi mji unaofuata. Mwenyeji anajua, na ndiyo sababu mahali pa namna hii hukamata wageni kuliko wenyeji.

Ndani ya tochi

Rada ya mkononi hutuma mawimbi, mara nyingi ya masafa ya gigahezi 24 hivi. Yakigonga gari linalokuja, hurudi yakiwa yamebanwa kidogo, na kila kilomita 1 kwa saa ya mwendo wa gari huongeza takriban hezi 45 kwenye masafa yanayorudi. Kifaa kinapima tofauti hiyo, na kuipima ni kazi rahisi kwa saketi za leo. Rada isiyo na hitilafu haikosei kusoma kasi ya kitu kilichorudisha mawimbi. Inachoweza kukosea, au tuseme inachoshindwa kukuambia, ni kitu gani hicho.

Mwale wa rada hupanuka. Ukiwa na upana wa digrii 12, kwa umbali wa mita 300 umeshafikia zaidi ya mita 60 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndani ya eneo hilo kuna gari lako, kuna pikipiki inayokupita, na nyuma yako kuna lori lenye bodi pana la bati, ambalo hurudisha mawimbi mengi kuliko gari dogo la mviringo. Namba ikitokea, ni ya nani? Kwa sababu hiyo mafunzo ya rada humtaka askari aanze na macho: aone gari, akadirie kwamba linazidi, ndipo apige, na aendelee kulishikilia kwa sekunde kadhaa huku namba ikitulia na sauti ya kifaa ikiwa moja isiyoyumba. Anayeelekeza rada kwenye kundi la magari, akapata 92, kisha akachagua gari la mbele, hajapima kitu. Amekisia kwa msaada wa umeme.

Rada pia husikia visivyo magari. Feni ya ubaridi ndani ya gari la polisi, redio ya mawasiliano, hata mtikisiko wa mkono unaozungusha kifaa kwa haraka, vyote vinaweza kuzaa namba. Mwaka 1979 kituo cha televisheni mjini Miami, Florida, kilionyesha rada ikiusomea mti wa mnazi maili 86 kwa saa, sawa na kilomita 138, na nyumba maili 28. Jaji wa huko alikataa ushahidi wa rada katika kesi zilizokuwa mbele yake mwaka huohuo. Vifaa vimeboreshwa sana tangu wakati huo, lakini sababu ya mti kukimbia ilikuwa zaidi kwa mtumiaji kuliko kwa kifaa, na watumiaji hawatengenezwi upya kiwandani.

Kuna kosa moja ambalo madereva hulitaja kama kinga wakati kwa kawaida linawasaidia. Rada husoma sehemu ya mwendo inayoielekea yenyewe. Askari akisimama mita 15 kutoka kwenye njia yako na wewe uko mita 100 kabla yake, gari linalokwenda 100 litasomeka 98 au 99. Ukifika mita 30, litasomeka 89. Kadiri pembe inavyokua, ndivyo namba inavyopungua. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba alipimwa kwa pembe analalamikia punguzo alilopewa. Kamera za rada zinazotazama barabara kwa pembe ya digrii 20 hivi ni hadithi nyingine kidogo, maana zimepangwa kufidia pembe hiyo. Zikielekezwa vibaya kwa digrii 2, fidia inazidi au inapungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Ni kidogo, na posho ya kosa, yaani kiasi kinachopunguzwa kwenye namba kabla ya kumhukumu mtu, huimeza.

Kosa baya ni lile la rada inayotumika gari la polisi likiwa linatembea. Hapo kifaa kinahitaji namba mbili: kasi ya kukaribiana kwa magari mawili, na kasi ya gari la polisi lenyewe, ambayo huipata kwa kusoma ardhi mbele yake. Kisha kinatoa ya pili kwenye ya kwanza. Sasa fikiria polisi yuko 80, mbele yake kuna lori kubwa linalokwenda 50, na wewe unakuja upande wa pili kwa 80. Kukaribiana kwenu ni 160. Lakini kifaa, badala ya kushika ardhi, kimeshika mgongo wa lori, na kwa lori hilo polisi anakaribia kwa 30 tu. Kitatoa 30 kwenye 160 na kukupa 130. Dawa yake ni ndogo: askari alinganishe kasi ya gari lake kwenye kioo cha rada na ile ya dashibodi yake wakati huohuo. Asiyefanya hivyo hawezi kujua, na aliyefanya anapaswa kuwa ameandika.

Tochi za leza zimeondoa tatizo la nani ni nani kwa kiasi kikubwa. Zinatuma mapigo ya mwanga na kupima muda wa kurudi. Mwanga hukata sentimita 30 kwa nanosekunde moja, kwa hiyo mabadiliko ya umbali kati ya pigo na pigo ndiyo mwendo. Kwa mita 300 mwale huwa na upana usiofika hata mita moja, na askari hulenga namba ya gari au taa. Udhaifu wake uko kwenye mkono. Kipimo kizima huchukua kama theluthi moja ya sekunde, na katika muda huo mwale ukiteleza kutoka ubavuni mwa gari hadi mbele yake, kifaa kitaona umbali umepungua kwa sababu ya kuteleza, kisha kitauhesabu kama mwendo. Mita 2 za kuteleza katika sekunde 0.3 ni kilomita 24 kwa saa za bure. Programu za kisasa hukataa vipimo visivyo na mstari ulionyooka na kuonyesha alama ya kosa, lakini mkono unaotetema, kwa umbali wa mita 600, bila mguu wa kusimamia, ni jambo la kuhojiwa.

Kuhusu kukagua kifaa: rada hujaribiwa mwanzoni na mwishoni mwa zamu, ama kwa jaribio lake la ndani ama kwa uma wa chuma unaotetema kwa masafa yanayojulikana na ambao lazima usomeke namba fulani iliyoandikwa juu yake. Leza hujaribiwa kwa kupima umbali uliokwisha kupimwa kwa tepu, na kwa kupitisha alama ya kulengea kwenye nguzo ili kuona kama mwale unakwenda inakoelekea. Juu ya hayo kuna ukaguzi wa maabara, ambao nchi nyingi huutaka kila mwaka, pamoja na cheti chenye namba ya kifaa. Jaribio la mwisho wa zamu ndilo linalorukwa zaidi, wakati ndilo linalothibitisha kwamba kifaa hakikuharibika katikati ya siku.

Baada ya yote hayo, sheria zenye heshima hupunguza kitu kutoka kwenye namba kabla ya kumhukumu mtu. Ujerumani kwa vifaa vingi huondoa kilomita 3 kwa kasi iliyo chini ya 100, na asilimia 3 kuanzia hapo. Ufaransa kwa rada zisizotembea huondoa 5, au asilimia 5 juu ya 100. Kupunguza huko ni kukiri hadharani kwamba hakuna kipimo kisicho na kosa. Mahali ambapo mtu anaandikiwa faini kwa 51 penye 50, dola inadai usahihi ambao hata mtengenezaji wa kifaa hadai.

Kamera na hesabu unazoweza kuzifanya mwenyewe

Kamera nyingi za zamani za kando ya barabara hupiga picha mbili, nusu sekunde mbali, juu ya mistari iliyochorwa kwenye lami. Hiyo mistari ipo ili mtu yeyote mwenye kalamu aweze kuikagua rada. Kwa kilomita 50 kwa saa gari husogea mita 6.9 katika nusu sekunde. Kwa 72 husogea mita 10 kamili. Pata picha zote mbili, hesabu mistari, zidisha kwa umbali wa mstari hadi mstari. Picha zikisema mita 7 na faini ikisema 72, kesi imekwisha. Wengi hulipa bila hata kuomba picha ya pili.

Hesabu hiyo ingewaokoa watu. Jimbo la Victoria, Australia, mwaka 2003, kamera ya barabara kuu iliisomea Datsun 120Y kuukuu kilomita 158 kwa saa, kasi ambayo gari hilo halina uwezo wa kuifikia. Serikali ya jimbo hatimaye ilizifuta na kuzirudisha faini za kamera za barabara hiyo. Baltimore, Marekani, mwaka 2012, gazeti la Baltimore Sun lilionyesha gari lililoandikiwa mwendokasi ilhali video ya kamera ileile inalionyesha limesimama kwenye taa nyekundu. Mwaka uliofuata jiji likazima mfumo wake. Katika visa vyote viwili kosa lilipita kwa watu waliotakiwa kukagua picha kabla ya faini kutumwa. Hawakukagua, au walibonyeza tu.

Kamera za wastani, zinazosoma namba ya gari mwanzo na mwisho wa kipande cha barabara, kwangu ndizo za haki kuliko zote. Kipande cha kilomita 6 penye kikomo cha 80 huchukua sekunde 270. Ukikitoka kwa 240, wastani wako ni 90, na hakuna namna ya kupata wastani wa 90 bila kuwa umevuka 80 mahali fulani. Saa zikitofautiana kwa sekunde nzima, kosa ni chini ya nusu asilimia. Kukanyaga breki mbele ya kamera na kuachia baada yake hakusaidii, na anayezidisha kidogo kwa sababu ya kulipita lori haadhibiwi. Kasoro yake ni namba za gari: herufi iliyosomwa vibaya, au mtu aliyebandika namba za gari lako kwenye lake. Ukipata taarifa ya mahali ambapo gari lako halikufika, usianze kwa kubishania mwendo. Linganisha rangi, chapa ya kioo, mikwaruzo, rimu.

Njia ya zamani kabisa ni polisi kukufuata. Inakubalika, kwa sharti kwamba umbali kati yenu haubadiliki. Akianza mita 150 nyuma yako na kumaliza mita 100 baada ya wewe kwenda kilomita 1, yeye amekwenda mita 1,050 na kasi yake ni asilimia 5 juu ya yako. Dashibodi yake ikisema 105, wewe ulikuwa 100.

Na dashibodi yako? Kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, inayofuatwa na watengenezaji wengi, spidomita hairuhusiwi kamwe kuonyesha chini ya kasi halisi, ila inaruhusiwa kuonyesha juu kwa asilimia 10 na nyongeza ya kilomita 4. Gari lililo 50 kweli linaweza kuonyesha hadi 59. Kwa hiyo gari lenye tairi zake za asili likionyesha 60, huenda liko 55, na tochi ikisoma 55 haijakuonea wala kukupendelea. Mambo yanageuka ukibadili tairi. Kutoka 205/55 R16 kwenda 215/65 R16 kipenyo kinakua kutoka milimita 632 hadi 686, zaidi ya asilimia 8. Dashibodi iliyokuwa sahihi sasa inasema 80 wakati gari liko karibu 87. Fundi aliyekufungia hatakutajia, na mahakama haitakuhurumia.

Pesa inakokwenda

Hapa ndipo penye harufu. Mji wa Waldo, Florida, ulikuwa na watu kama elfu moja, na kikomo cha barabara kuu inayoupita kilibadilika mara kadhaa ndani ya kilomita chache. Mwaka 2014, baada ya maofisa wenyewe kufichua kwamba walipangiwa idadi ya faini za kuandika, jambo ambalo sheria ya jimbo inakataza, idara ya polisi ya mji ilivunjwa. Ferguson, Missouri, ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya Machi 2015 ilieleza jinsi viongozi wa mji walivyowasukuma polisi waongeze mapato. Jimbo hilohilo lilikuwa limeshaweka sheria mwaka 1995, iliyochochewa na kijiji cha Macks Creek: mji usipate zaidi ya asilimia 45 ya mapato yake kutokana na faini za barabarani, na ziada iende jimboni. Mwaka 2015 kiwango kikashushwa hadi 20.

Hiyo ndiyo hatua yenye maana. Askari mwaminifu kabisa, akiwekwa chini ya mkuu anayeulizwa makusanyo ya wiki, atajikuta amesimama mita 50 baada ya kibao, maana huko ndiko samaki waliko. Vilevile mkandarasi wa kamera anayelipwa kwa kila faini hana sababu ya kukagua picha ya pili. Mlipe kwa mwezi, kiasi kisichobadilika, na umwondolee malipo kwa kila faini inayofutwa, utaona picha zinavyokaguliwa. Ufaransa iliposhusha kikomo cha barabara za nje ya miji kutoka 90 hadi 80 Julai 2018, wananchi waliona kodi iliyovaa sare. Miezi michache baadaye, katika maandamano ya vizibao vya njano, waziri wa mambo ya ndani alisema karibu asilimia 60 ya rada za nchi zilikuwa zimeharibiwa. Inawezekana serikali ilikuwa sahihi kuhusu ajali. Haikuaminiwa kuhusu pesa.

Kiasi cha faini nacho kina maswali. Faini ya aina moja kwa wote ni mshahara wa wiki mbili kwa mmoja na chakula cha jioni kwa mwingine. Finland tangu 1921 ina faini za siku: kwa kosa kubwa, kipato cha mtu ndicho kinachoamua thamani ya kila siku, na uzito wa kosa ndio unaoamua idadi ya siku. Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa Nokia aliandikiwa euro 116,000 kwa kwenda 75 penye 50 na pikipiki, ingawa baadaye zilipunguzwa kwa sababu kipato chake kilikuwa kimeshuka. Mfumo huo unahitaji kumbukumbu za kodi zinazoaminika. Penye uchumi wa mfukoni, tajiri ndiye ataonekana maskini. Kwa nchi za namna hiyo pointi kwenye leseni, zinazohesabiwa kwa kila kosa hadi leseni ifungiwe, ni sawa zaidi, maana leseni ikifungiwa, pesa haiifungui, mradi kumbukumbu haziuzwi.

Kuna mtu mmoja ambaye mfumo humkosa karibu kila mahali: mwenye gari la biashara. Chukua safari ya basi ya kilomita 600. Tuseme 120 kati yake ni makazi yenye kikomo cha 50, hizo ni saa 2 na dakika 24. Zilizobaki 480 kwa 80 ni saa 6. Jumla ni saa 8 na dakika 24 bila kushusha abiria, bila mzani, bila choo. Ongeza saa moja na nusu ya vituo, ni karibu saa 10. Ratiba ikisema saa 8, kosa limeandikwa ofisini kabla injini haijawashwa, na anayepigwa tochi ni dereva. Katika Umoja wa Ulaya kanuni ya 561 ya mwaka 2006 inakataza kumlipa dereva kwa umbali au mzigo pale malipo hayo yanapohatarisha usalama, na inamtaka mwenye kampuni apange kazi ili sheria za muda na mapumziko zifuatike. Kipimo cha haki hapa ni rahisi kwa afisa yeyote: aombe ratiba, agawanye kilomita kwa saa.

Ukisimamishwa

Kubishana dirishani hakujawahi kubadilisha namba. Omba kuionyeshwa kwenye kioo cha kifaa, pamoja na umbali kama ni leza, na saa. Andika mahali ulipo kwa kitu kisichohama, kama daraja, nguzo ya kilomita au makutano. Andika alikosimama askari, magari yaliyokuwa karibu nawe, kama rada ilikuwa mkononi au ndani ya gari linalotembea. Uliza kwa adabu namba ya kifaa na tarehe ya cheti chake. Asipokuwa nayo, andika kwamba uliuliza. Kisha rudi ulikotoka, salama, upige picha ya kila kibao kuanzia umbali wa mita mia moja, kwa urefu wa macho ya dereva, siku hiyohiyo. Tawi hukatwa haraka sana mtu akishalalamika.

"Kila mtu alikuwa anakwenda hivyo" haitakusaidia, wala "nilikuwa nateremka", wala spidomita yako isiyo na cheti. Kinachosaidia ni kibao kisichosomeka, kifaa kisicho na ukaguzi, gari lililochanganywa na jingine, namba iliyosomwa vibaya, na muda wa taarifa uliopita; Uingereza, kwa mfano, mwenye gari lililonaswa na kamera anatakiwa kupelekewa taarifa ndani ya siku 14.

Fedha taslimu bila risiti usitoe hata ukiwa na haraka, na risiti uisome kabla ya kuondoka: jina, namba ya gari, kosa, kasi, kikomo, tarehe. Risiti isiyo na kasi wala kikomo haikatiwi rufaa kwa urahisi. Na kama unakusudia kupinga, usilipe kwanza kwa matumaini ya kudai baadaye, kwa sababu kwa sheria za nchi nyingi kulipa ni kukiri kosa, na hakimu atafunga faili kabla hajaangalia picha zako.